Aliye Nyumbani Asajiliwe Kwanza

Usajili wa timu ya magongo ya barafu una uhusiano gani na ndoa yako? Mwenzetu anayeishi Edmonton, Kanada, anasema upo, tena mkubwa.

Kila ikifika Juni na Julai, Dar es Salaam nzima inakuwa meneja wa timu. Kwenye daladala, saluni, ofisini wakati wa chai, stori ni ile ile: Simba wanamleta nani, Yanga wanamwacha nani, na yule straika aliyepokelewa uwanja wa ndege kwa matarumbeta atafunga kweli au ni jina tu? Mimi nimekulia Tanga, kwenye nyumba ambayo baba alikuwa Simba na mama alikuwa Yanga, kwa hiyo kelele za usajili nazijua toka utotoni.

Nilipokuja Edmonton kumfuata mume wangu, nilidhani nimeziacha huko. Kumbe wapi! Mji huu una mafuta, una baridi inayofika nyuzi 30 chini ya sifuri, na una Oilers. Hawa ni timu ya magongo ya barafu, na watu wa hapa wanawapenda kwa wazimu ule ule wa Kariakoo na Jangwani. Baba Imani, mume wangu, alianza kuwashabikia kwa sababu ya wenzake kazini. Mimi nilianza kwa sababu yake. Si unajua tena, mkiwa wawili ugenini, mwenzio akishangilia peke yake sebuleni unamwonea huruma.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe: kila upande una watu 6 uwanjani pamoja na kipa, wamevaa viatu vyenye makali ya chuma chini, wanakimbizana juu ya barafu wakigombea kisahani cheusi cha mpira mgumu. Ligi kubwa inaitwa NHL, ina timu 32 za Marekani na Kanada. Msimu unaanza Oktoba, mtoano unaisha Juni. Na msiseme ni mambo ya Wazungu tu. Nairobi kuna vijana wa Ice Lions, ambao mwaka 2018 walipelekwa Kanada wakacheza na mastaa wawili wa ligi hii, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon.

Lakini mimi, kusema kweli, mechi zenyewe sizifuatilii sana. Kilichonishika ni kiangazi, wakati barafu imeyeyuka na timu zinajipanga upya. Mimi ni mhasibu, mambo ya mahesabu yananikolea. Na kadiri nilivyokuwa naangalia mahesabu yao, ndivyo nilivyozidi kuiona nyumba yangu mle ndani. Na yako pia, mpenzi msomaji.

MFUKO MMOJA, MIDOMO 23

Huku tajiri hawezi kuamka asubuhi akanunua kila anayemtaka. Toka mwaka 2005, baada ya msimu mzima kufutwa kwa ugomvi wa mishahara, NHL ina kikomo. Mwaka ule wa kwanza, timu nzima haikuruhusiwa kuzidi dola milioni 39. Msimu wa 2024/25 kikomo kilikuwa milioni 88, na uliofuata kikapanda hadi milioni 95.5. Kikosi hakizidi wachezaji 23. Ukimlipa mmoja sana, mwingine lazima apungukiwe. Hakuna cha "nitakopa nimalizie".

Wakati wa kiangazi wanapewa nafasi ya kupumua: unaruhusiwa kuzidisha kikomo kwa asilimia 10. Ila msimu ukianza, hesabu lazima ikae sawa. Sasa nani hapa hajaona hilo? Harusi imefana, ukumbi umependeza, kamati imechangisha mpaka mwisho, fungate Zanzibar. Halafu Jumatatu mnarudi, kodi inadaiwa, na mshahara ni ule ule.

Kuna kitu kingine kinaitwa kununua mkataba. Mchezaji hakufai, lakini mkataba wake haujaisha. Kama ana miaka 26 au zaidi, unamlipa theluthi mbili ya mshahara uliobaki, ila malipo unayatandaza kwa muda mara mbili ya ule uliobaki. Julai 2022 Oilers walimsaini kipa Jack Campbell miaka 5 kwa dola milioni 25. Juni 2024 wakaachana naye, ikiwa imebaki miaka 3. Maana yake kipa yule hadaki tena Edmonton, lakini jina lake linabaki kwenye vitabu vya timu mpaka 2030. Baba Imani alipoisoma habari ile alicheka, akasema, "Hiyo ni talaka yenye matunzo." Na nyumba ngapi mjini zinalipa matunzo ya namna hiyo? Mkopo wa gari lililokwisha kuuzwa. Deni la harusi iliyofungwa miaka minne iliyopita. Mtu hachezi, ila analipwa.

BARUA YA POSA

Sasa nije kwenye kisa chenyewe kilichonifanya niandike.

Tarehe 24 Juni 2024, Oilers walicheza mechi ya saba ya fainali dhidi ya Florida Panthers. Wakafungwa 2-1. Mji ulilala kimya kama msibani, maana kombe la mwisho hapa lilikuwa la mwaka 1990. Wiki moja baadaye, tarehe 1 Julai, soko la wachezaji huru likafunguliwa, na Oilers wakaingia kwa kishindo. Wakamleta Viktor Arvidsson kwa dola milioni 4 kwa mwaka. Wakamleta Jeff Skinner kwa milioni 3. Wote wamevuka miaka 30, wana majina, wana mabao. Mashabiki wakapiga vigelegele. Safari hii kombe linakuja!

Huku nyuma, nyumbani, walikuwepo vijana wawili. Philip Broberg, beki, na Dylan Holloway, mshambuliaji. Timu ndiyo iliyowachagua wakiwa wadogo, mmoja mwaka 2019 na mwingine 2020, ikawalea mpaka wakacheza kwenye mtoano ule ule wa kufika fainali. Mikataba yao ilikuwa imeisha. Ila sheria za huku zinasema kijana wa umri huo, hata mkataba ukiisha, timu yake bado ina haki naye. Kwa hiyo nani alikuwa na haraka? Wapo tu. Watasaini. Waende wapi?

Julai ikapita. Agosti ikaingia.

Tarehe 13 Agosti ikaja barua ya posa. Mimi naiita posa kwa sababu sijaona jina linaloifaa zaidi. Timu nyingine inaruhusiwa kumfuata kijana wako na kumwandikia mkataba. Akiusaini, wewe mwenye mtoto una siku 7 tu: ama ulipe kiasi kile kile umbakize, ama umwachie upokee mahari. Mahari yenyewe si hela, ni nafasi za kuchagua vijana wapya miaka inayokuja. Watu hawapelekeani posa hizi ovyo, maana zinaleta uhasama. Lakini St. Louis Blues walipeleka mbili siku moja: Broberg dola milioni 4.58 kwa mwaka, Holloway milioni 2.29, kila mmoja kwa miaka miwili.

Angalia walivyokuwa wajanja. Mahari hupangwa kwa ngazi, na viwango vile vyote viwili viligusa juu kabisa ya ngazi yake. Wangeongeza kidogo tu kwa Broberg, mahari yake ingepanda hadi nafasi ya raundi ya kwanza na nyingine ya raundi ya tatu. Walilipa raundi ya pili kwa Broberg, na raundi ya tatu kwa Holloway. Mshenga aliyefanya kazi ile alijua hesabu za nyumba ya watu kuliko wenye nyumba.

Hapa Edmonton ilikuwa kizaazaa. Kazini watu hawafanyi kazi, wanapiga hesabu. Tarehe 20 Agosti, siku ya mwisho, Oilers wakasema: tumewaachia. Mfuko ulikuwa umejaa.

WAGENI WALIOPIGIWA VIGELEGELE

Mimi jioni ile nilichukua karatasi nikajumlisha. Vijana wawili: 4.58 na 2.29, jumla milioni 6.87. Wageni wawili: 4 na 3, jumla milioni 7. Nikamwonyesha Baba Imani. Akaitazama karatasi muda mrefu, hakusema kitu.

Msimu ukaenda. Holloway, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa na mabao 6 tu kwa Oilers, alipofika St. Louis akapewa nafasi kubwa zaidi ya kucheza, akafunga mabao 26. Broberg akawa beki wa kutegemewa. Skinner na Arvidsson walifunga 16 na 15. Julai 2025, mwaka mmoja tu baada ya vigelegele, Skinner alikwenda San Jose na Arvidsson akapelekwa Boston. Vijana hawapo, na wageni nao hawapo.

Tusiwaonee Oilers. Hata bila vijana wale, walifika fainali tena Juni 2025, wakafungwa tena na Panthers, safari hii kwa michezo 4 kwa 2. Na wageni si dhambi, timu isiyoingiza damu mpya inazeeka. Ila kiangazi hicho cha 2025 niliwaangalia mabingwa wenyewe. Panthers, waliochukua kombe 2024 na 2025, walikuwa na watatu wao muhimu ambao mikataba ilikuwa inaisha: Sam Bennett, Aaron Ekblad na Brad Marchand. Kabla ya kwenda sokoni kutafuta wa nje, wakawafunga wote watatu. Bennett miaka 8, Ekblad miaka 8, na Marchand, babu wa miaka 37, akapewa miaka 6. Unaweza kusema huyo wamemzidishia. Lakini hakuna aliyeondoka pale akisema hakuulizwa.

Na hapo ndipo ninapotaka kufika. Mtu haondoki kwa sababu posa imekuja. Anaondoka kwa sababu posa ndiyo mara ya kwanza kwa mtu kumuuliza.

POSA YANGU MIMI

Niliyajua haya kwa mwili wangu, si kwa magazeti. Nirudi nyuma kidogo, Aprili 2025.

Nilipigiwa simu kutoka Calgary, mji ulio mwendo wa saa tatu kwa gari kusini kwetu. Kampuni moja ilikuwa inatafuta mhasibu, mtu fulani akawa amewapa jina langu. Mshahara ulizidi wangu kwa theluthi nzima. Lakini jamani, si mshahara ulionitoa machozi kwenye gari. Ni swali. Yule mama aliyenihoji aliniuliza, "Miaka mitano ijayo unataka uwe umefika wapi?" Nilinyamaza. Sikumbuki mara ya mwisho kuulizwa hivyo na mtu yeyote.

Baba Imani si mume mbaya. Halewi, hapigi, mshahara anauleta mezani. Ila nyumba ina kikomo chake, na kila mwaka kulikuwa na kitu cha mbele yangu. Kwanza ilikuwa kozi yake ya ufundi, ili apate leseni. Halafu Imani akazaliwa. Halafu ikaja nyumba ya mama mkwe kule Muheza, mabati, sakafu, tangi la maji. Mitihani yangu ya kupata cheti cha uhasibu cha huku ilikuwa inasogezwa, kiroho safi, bila ugomvi. Nilikuwa mchezaji ambaye hakuna anayewaza kwamba anaweza kuondoka. Nipo tu. Niende wapi?

Walinipa wiki moja nijibu. Nilimwambia Jumapili usiku, mtoto amelala. Mwanzo alitania, "Kwa hiyo umeletewa posa?" Alipoona sicheki, akanyamaza. Calgary ilikuwa na maana yake kwetu. Kazi yake ya kudumu iko hapa. Ama tungehama wote yeye aanze upya, ama tungeishi nyumba mbili, na ninyi mnajua ndoa za nyumba mbili zinavyoishia. Mwishowe akasema, "Mama Imani, na mimi nipe siku zangu saba."

Siku nne hakusema neno. Nikamwona anarudi kazini, anakula, anakwenda kukaa jikoni na daftari la Imani la hesabu. Siku ya tano akanisukumia lile daftari mezani.

Hakuandika kwamba ananipenda. Aliandika namba. Gari la pili liuzwe, yeye atapanda basi. King'amuzi cha michezo kikatwe. Zamu za Jumamosi aziache, maana ndizo zilizokuwa zinanifunga mimi nyumbani na mtoto. Jumanne na Alhamisi yeye ndiye atakayempeleka Imani kuogelea na kupika, mimi niende darasani. Na juu ya yote, alikuwa amempigia kaka yake mkubwa Muheza, akamwambia tangi la maji la mama ni la watoto wote watano, si lake peke yake. Kwa mila zetu, nadhani hiyo simu ndiyo iliyomgharimu kuliko gari.

Chini kabisa aliandika: "Hela ya Calgary siiwezi. Haya naweza." Kisha akaniuliza kwa mdomo wake, "Na wewe unataka nini?"

Nilibaki. Siwadanganyi kwamba ilikuwa rahisi. Ile theluthi ya mshahara bado naipigia hesabu usiku wa Februari nikiwa nakuna barafu kwenye kioo cha gari. Lakini sikubaki hivi hivi. Nilimwambia nabaki kwa miaka miwili, halafu Aprili 2027 tunakaa mezani tena, wote wawili, na daftari. Aliona ajabu kidogo, mke kumpa mumewe mkataba wa miaka miwili. Akakubali.

Oktoba mwaka ule ule, Connor McDavid, nahodha wa Oilers na mchezaji ambaye wengi wanamwona bora kuliko wote duniani, alikuwa anakaribia mwisho wa mkataba wake. Sheria inamruhusu mchezaji mmoja kufikia asilimia 20 ya kikomo, yaani zaidi ya dola milioni 19 kwa mwaka. Siku chache kabla, Kirill Kaprizov wa Minnesota alikuwa ameshasaini kwa milioni 17 kwa mwaka. McDavid akasaini kwa milioni 12.5, kiasi kile kile alichokuwa anapata toka 2018. Aliacha mamilioni mezani ili timu ipate hela ya kuwalipa wenzake. Lakini hakusaini miaka minane. Alisaini miwili.

Baba Imani akanigeukia. "Amekuiga huyu."

Tulicheka, ila nilimwelewa vizuri McDavid. Anayekupenda anaweza kukubali kidogo. Halafu anakuangalia utakitumiaje hicho alichokuachia.

NA NINYI SAJILINI

Sasa, mpenzi msomaji, huna haja ya kuujua mchezo wa barafu. Chagueni mwezi mmoja kwa mwaka, muuite wa usajili. Zimeni simu. Andikeni kikomo chenu kile cha kweli, si kile cha kuwaonyesha marafiki. Kisha andikeni nani analipwa humo ndani na hachezi: deni gani, mchango gani, gari gani.

Halafu, kabla ya kuongelea kiwanja kipya Kigamboni, biashara mpya au safari ya Dubai, mwangalie aliyekaa mbele yako. Mkataba wake uliisha lini? Sisemi cheti cha ndoa, hicho kipo kabatini. Nasema yale mliyoahidiana, kwamba safari hii ni zamu yako, mwakani ni yangu. Wanaume, msihesabu ukimya wa mkeo kuwa ni saini. Na dada zangu, hata sisi: yule anayelipa kodi kila mwezi bila kelele, mara ya mwisho ulimuuliza lini anataka nini?

Muulize wewe leo. Ukingoja mwenye posa amuulize, utabaki na siku saba tu.